Sifuri ya Kipara

Nyinyi vijana wa kitengo cha vifaa vya hali ya hewa mmenitaka niandike kuhusu barafu. Najua, kwa sababu kila anayesikia kwamba Zuwena alifika kusini kabisa mwa dunia huniuliza hilo kwanza. Basi tulimalize mapema. Barafu niliiona kutoka dirishani mwa ndege, nikaiona tena ndani ya kikombe changu cha chai nilichokisahau nje ya hema. Mahali nilipofanya kazi palikuwa na mawe, changarawe na mchanga, na upepo wa kukurushia mchanga huo machoni. Nilikwenda mwisho wa dunia nikakuta Rustaq yetu ya Oman, ila Rustaq yenye baridi.

Kule kuna safu ya milima isiyo na barafu. Milima yenyewe imeizuia barafu ya barani isimwagike mabondeni, na upepo unaoteremka kutoka juu ni mkavu mno. Theluji ikianguka hupotea hata kabla haijayeyuka. Ndani ya safu hiyo kuna kilele kimoja cha mawe ya kahawia, mbali na kila kitu, na kwenye ramani kina jina la kigeni. Sisi hatukulitumia. Ami Salim, fundi aliyenifunza kazi, alipoonyeshwa picha yake, kweupe kwa mbali pande zote na chenyewe kitupu katikati, alijipapasa kichwa akasema huyu ni ndugu yangu, mwiteni Kipara. Likabaki jina hilo.

Kazi yetu juu ya Kipara ilikuwa moja: kusimamisha mlingoti wenye kipima upepo, vile vikombe vinavyozunguka mnavyovijua, kikae majira yote ya baridi na giza bila mtu kukigusa. Vilivyowekwa kabla yake vyote vilikufa. Hiki nacho kingekufa, watafiti wangekiacha kilele kile moja kwa moja. Na huku Maskati, mtaa wa Bustan, kulikuwa na mzee mgonjwa ambaye kipima kile kilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kinazunguka. Ndiyo habari nitakayokuelezeni. Barafu ulizeni wengine.

Ami Salim hakuwa ami yangu wa damu. Nilimwita hivyo kwa sababu alikuwa na umri wa baba yangu na wote wawili walizaliwa Unguja, mtaa mmoja. Alijifunza ufundi kwa kurekebisha cherehani kabla hajaja Oman. Alikuwa akisema Kiarabu na wakubwa, Kiingereza na vitabu vya mashine, na Kiswahili na spana zake. Nilipoingia kitengoni nilikuwa mwanamke peke yangu, na mkuu wetu alitaka nikae mezani nipokee takwimu. Ami Salim akamwambia mezani hakuna upepo. Wiki ile ile nilikuwa juu ya mlingoti nimefungwa kamba kiunoni, naye yuko chini anakula zabibu na kunikosoa.

Mambo mengi mnayoyafanya leo bila kufikiri yalitoka kwake. Kufunga spana kwenye kifundo cha mkono ili isimwangukie mtu kichwani, ni yeye. Kuegemeza ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini wake sikioni, usikie kama kuna mchanga unasaga ndani, ni yeye. Kuweka skrubu mdomoni wakati mikono imejaa pia ni yeye, na hilo liacheni. Nitakwambieni kwa nini.

Lakini kubwa alilonifunza lilikuwa juu ya sifuri. Tulikuwa tunateremka kutoka kituo kimoja cha Jabal Akhdar, karibu tushike lami, akaniuliza nimeandika nini kwenye upepo. Nikamwambia sifuri. Akaniuliza kama nilipanda kuangalia. Nikasema sikupanda, kisomeo kilionyesha sifuri. Akageuza gari pale pale. Njia nzima ya kupanda mlima miye nikajifanya naangalia mandhari. Kufika juu tukakuta nyigu amejenga nyumba yake ya udongo katikati ya mkono na kikombe, ametulia kama aliyelipa kodi.

"Sifuri inakuja kwa njia mbili," akasema. "Ama kumetulia, ama kumekwama. Karatasi haijui ipi. Anayejua ni mtu, tena aliyepanda."

Toka siku hiyo nikafuata desturi yake. Unapanda, unasogeza uso karibu na vikombe, unapuliza pole pole kama mama anayempozea mtoto uji. Vikizunguka, andika chochote kisomeo kinachokwambia. Visipozunguka, usiandike. Wahandisi wapya walikuwa wakitucheka, watu wazima wanapuliza vyuma mlimani. Baada ya mwaka wakawa wanapuliza nao. Usiandike mpaka upulize: hatukuwahi kulibandika ukutani, lakini kitengo kizima kiliishi kwa neno hilo.

Sasa, Maskati na milima ya kusini ya dunia vilikutanaje? Vilikutana kwa ajili ya mchanga. Mtafiti mmoja, Dokta Hanne, mama mrefu wa maneno machache, alisikia kwamba huku kwetu vipima upepo vinaishi miaka jangwani. Akaja mpaka ofisini kwetu Al Khuwair na begi lake, akatoa kipima kilichokufa, akakiweka juu ya meza ya mkutano. Ami Salim alikuwa ameshastaafu, ameitwa kama mgeni. Wakubwa wakaanza hotuba za makaribisho. Yeye akaitoa beringi ya kipima kile, akaizungusha karibu na sikio, akaniambia kwa Kiswahili kwamba hii haikufa kwa baridi, imekula mchanga. Dokta Hanne akaniomba nimtafsirie. Nilipomtafsiria, akaacha kusikiliza hotuba.

Ami Salim akatengeneza nyumba mpya ya beringi katika karakana ya rafiki yake, mtaa wa Ghala. Aliifanyia ukingo wa chuma uliojifunika, mfano wa kawa juu ya sahani, mchanga unaoingia uteremke na kutoka wenyewe. Alitengeneza vipima viwili, pacha. Kimoja cha kwenda, kimoja cha kubaki, ili kile cha kule kikisumbua tuwe na cha kuangalia huku. Alitaka kwenda mwenyewe. Alishanunua mpaka soksi. Daktari akamkatalia, moyo wake ulikuwa umeshaanza kumgomea, na hakuna aliyetaka kumbeba kutoka kule. Alikasirika siku mbili tatu, kisha akaniletea soksi.

Nilimwambia mimi ni mwanamke wa makamo mwenye goti bovu. Akasema Kipara hakitaniuliza goti. Nyumbani nako kulikuwa na maneno. Dada yangu alitaka kujua kule kuna watu gani. Nikamwambia hakuna watu. Akafikiri kidogo, akasema basi afadhali.

Kabla ya safari ilibidi tukijaribu kipima kwenye baridi, na Maskati baridi utaipata wapi ila kwenye ghala la kuku. Lilikuwapo moja huko huko Ghala, na msimamizi wake alikuwa Mkenya anayeitwa Mutua, kijana mpole wa Machakos. Ami Salim alimweleza shida yetu, Mutua akamwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia kile chuma.

"Mzee, hii ni friza ya kuku," akasema. "Mudiri akinipata na hii kitu yenu hapa, mimi ndio nitarudi Machakos, si nyinyi."

Lakini alikuwa na moyo mwema, na nadhani pia alitaka kuona. Akaniazima jaketi lake, tukaingia wawili. Ami Salim akabaki nje kwa amri ya daktari, amevuta kiti kivulini, anauliza habari kupitia mlango kila mara mpaka Mutua akamwomba aufunge, kuku wanaharibika.

Hapo ndipo tulipopata aibu yetu ya kwanza. Mimi na Ami Salim, mafundi wa miaka yote ile, tuliijaza beringi grisi. Hatukuambizana wala hatukufikiri. Mkono uliofanya kazi Ghuba haujui kuiacha beringi kavu, kwa sababu huku mafuta mepesi yanamwagika kwa joto, unatia mazito na unatia mengi. Ndani ya friza grisi ile iliganda ikawa halwa iliyolala jokofuni. Vikombe havikusogea hata nilipovisukuma kwa kidole. Nikaona nifungue niangalie, nikatoa skrubu, na kwa mazoea nikaiweka mdomoni.

Ikanata. Nikivuta, mdomo unakuja nayo. Mutua alinishika mkono nisivute tena, akanitoa nje nimeduwaa na skrubu yangu, akanimwagia maji vuguvugu ya birika mpaka ikaachia. Ami Salim alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake. Baadaye tuliisafisha beringi kwa petroli, tukaipaka unga wa penseli basi, na siku ya pili yake ikazunguka ndani ya friza kwa pumzi ndogo tu, nimepuliza kwa mbali kwa sababu mdomo ulikuwa bado unauma.

Mutua ndiye aliyenipa wasia ulionifaa kuliko vitabu vyote vya safari. "Mama, baridi siyo inaua," akasema. "Jasho ndio inaua. Ukisikia joto, simama. Usifanye haraka kama Mkenya anatafuta ovataimu." Nilimkumbuka kila nilipobeba kitu.

Kambi yetu ilikuwa bondeni chini ya Kipara, mahema machache juu ya changarawe. Sheria zake zingewashinda wengi wenu. Hakuna kumwaga kitu, hata maji ya kuoshea kikombe, hata mkojo. Vyote vinawekwa kwenye vyombo na kurudishwa vilikotoka. Mawe huyasogezi, kwa sababu upepo umeyachonga tangu enzi na enzi na watu wanataka kuyasoma yalivyo. Nilikuwa nikitayamamu, kutawadha bila maji, juu ya jiwe moja lile lile nililoonyeshwa, na mpima ramani wa kambi alinipigia hesabu ya kibla kwa sababu dira kule haifai kitu. Kibla kikaangukia upande unakotoka upepo. Nilisali kila sala unanipiga usoni, na jua linazunguka juu ya vichwa vyetu bila kuzama. Kitu kimoja kilinifurahisha: kwa mara ya kwanza maishani nilifanya kazi na wageni wote wakiwa wamejifunika mpaka puani, na hakuna aliyeniuliza kama sisikii joto.

Karibu na kambi alikuwapo sili mfu. Alipotea njia kutoka baharini, akatambaa mpaka pale, akafa zamani sana, na bado ana ngozi na meno kwa sababu hakuna kinachooza. Kila nikipita nilimwonea huruma. Nilimwambia Ami Salim kwa simu ya setilaiti, akaniuliza kama sili yule ana kipara.

Siku ya kupanda, helikopta ilituteremsha kwenye bega la mlima, mimi na Dokta Hanne na vipande vya mlingoti. Sehemu iliyobaki tulikwenda kwa miguu, pole pole, na goti langu likanilaani njia nzima. Nikisikia joto nasimama. Juu ni jukwaa dogo la mawe, na kutoka hapo unaona milima mingine mitupu imepangana na mabonde makavu katikati yake. Sikuwahi kuona mahali ambapo mtu hahitajiki kiasi kile. Niliogopa kidogo, kisha nikaanza kazi na woga ukaondoka.

Mlingoti ulisimama, nyaya zikafungwa kwenye mwamba, betri zikawekwa ndani ya sanduku lake. Nikapachika kipima cha Ami Salim. Upepo ulikuwa umetulia wakati ule, vikombe vimesimama. Rubani akatuita redioni, alikuwa anaona mawingu yanakuja na alitaka tuondoke. Na mimi nikafanya nilichofanya kwenye kila mlingoti katika umri wangu wa kazi. Nikateremsha kitambaa cha uso, nikasogea karibu, nikapuliza.

Vikombe vikazunguka vizuri sana. Nilifurahi. Halafu nikaona ukingo wa nyumba ya beringi umekuwa mweupe. Pumzi yangu ilikuwa na maji, nayo ilikwenda moja kwa moja kwenye kile chuma ikawa barafu. Katika safu nzima ya milima isiyo na barafu, barafu iliyokuwa juu ya Kipara nimeileta mimi kwa mdomo wangu.

Dokta Hanne akauliza nimefanya nini. Nikamweleza desturi yetu. Hakucheka wala hakukasirika. Tukakifungua kipima, tukakifuta kwa kitambaa kikavu, nikakitia ndani ya jaketi kwapani kipate joto, nikakifuta tena, nikakirudisha. Upepo ukainuka ukakizungusha wenyewe. Kwa macho kilikuwa sawa. Ndani zaidi, kwenye gololi, hakuna aliyeweza kuona kama umebaki unyevu. Rubani akaita tena, na tukateremka.

Siku ile ile nilimpigia Ami Salim nikamweleza lote.

"Ulipuliza karibu?" akauliza.

"Karibu, kama ulivyonifunza."

"Hata miye ningepuliza," akasema. Kisha akaniuliza kama soksi zinafaa.

Nikarudi Maskati, nikastaafu. Joto lilipoanza kupanda huku, kule ndiyo giza linaingia, na hakuna helikopta wala mtu atakayekwenda Kipara mpaka msimu mwingine. Mlingoti ulituma ujumbe mfupi kila siku kupitia setilaiti, na Dokta Hanne aliniunganisha niupokee na mimi. Kila asubuhi, nikishaona takwimu, nampigia Ami Salim. Kabla ya salamu ananiuliza, "Kinazunguka?" Namwambia kinazunguka. Ndipo tunaulizana hali. Mkewe aliniambia mumewe hanywi dawa za asubuhi mpaka asikie jibu hilo.

Asubuhi moja ikaja sifuri. Nikamwambia kweli. Akasema upepo nao hupumzika. Ya pili ikaja sifuri, na iliyofuata, na nyingine. Mlingoti mwingine wa bondeni, pale kambini, nao ulileta sifuri, lakini bonde lile hutulia mara kwa mara na haliwezi kusema kwa niaba ya kilele. Dokta Hanne akaniandikia. Wanaotoa fedha walitaka kujua kama Kipara kibaki kwenye mpango au kitolewe. Yeye aliniuliza swali moja: kumetulia, au kumekwama? Alisema neno langu litamtosha. Nilitamani asingenipa heshima hiyo.

Nikaenda Bustan. Ami Salim alikuwa kalala kwenye kochi la sebuleni, amekonda, kipima pacha kiko juu ya meza ndogo pamoja na dawa. Nikamwonyesha barua.

"Mwandikie kumetulia," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Ami, sikupanda."

"Nnajua hukupanda. Nani atapanda kule saa hizi? Nnakwambia miye niliyekitengeneza. Hakikukwama."

"Huenda hakikukwama. Lakini sikupanda, na sikupuliza."

"Ulipuliza," akasema. "Ndiyo taabu yenyewe."

Akageuza uso ukutani. Mkewe alikuwa mlangoni na kahawa, akasimama na sinia yake hajui aiweke wapi. Niliaga, sikujibiwa. Nikaendesha mpaka nikaipita njia ya kwenda ile hoteli kubwa ya Bustan, nikaegesha gari pembeni, nikalia. Sikulia kwa sababu amenionea. Nililia kwa sababu huenda alisema kweli, na kwa sababu mtu aliyenigeuzia gari kwa ajili ya sifuri moja alikuwa sasa ananiomba niiandike bila kupanda. Nilielewa kwa nini. Hakuwa na msimu mwingine wa kusubiri.

Ingekuwa rahisi. Neno moja, na mzee angelala usingizi. Nilikaa mbele ya kompyuta nyumbani Al Khuwair chai ikapoa, nikamwandikia Dokta Hanne kwamba haijulikani. Nikamweleza njia zote mbili, na pumzi yangu nikaitaja. Akajibu kwamba siku zile zitaachwa wazi, na kama mpaka mwisho wa giza hakuna kilichosogea, Kipara kitatolewa kwenye mpango.

Bustan sikupiga simu. Wala sikupigiwa. Asubuhi niliamka, naangalia sifuri, nafunga kompyuta, na sina wa kumwambia. Sijapata kuona kimya kizito kama kile, na mimi ni mtu niliyekwishafika Kipara.

Halafu ikaja takwimu. Ndogo, pumzi tu. Sikuiamini, nikanyamaza nayo. Kesho yake ikaja kubwa zaidi, na iliyofuata ilikuwa dhoruba, upepo wa kuvunja nyaya, na kipima kiliuhesabu wote. Sikupiga simu. Nilivaa, nikashuka ngazi kwa sababu lifti yetu ilikuwa imeharibika kama kawaida yake, nikaendesha mpaka Bustan.

Alikuwa amehamishiwa chumbani. Sauti yake ilikuwa imepungua. Aliponiona hakungoja salamu.

"Kinazunguka?"

"Kinazunguka, Ami. Jana kulikuwa na dhoruba."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akauliza, "Na zile siku za sifuri?"

"Nimeziacha wazi. Huenda kulitulia, huenda pumzi yangu iliganda ndani kisha ikakauka yenyewe. Hatutajua."

"Hukuandika kumetulia."

"Sikuandika."

"Ungeliandika," akasema, "na miye ningelikuwa mzima, ningelikufukuza kazi."

Nikamwambia nimeshastaafu, hawezi kunifukuza. Mkewe akacheka, na yeye akatabasamu, na hapo nikajua tumesameheana. Hakuomba radhi wala sikuitaka. Akaniashiria nimpe kile kipima pacha. Nikakishika mbele ya uso wake, karibu, na mkewe akazima feni bila kuambiwa.

Akapuliza. Vikombe havikusogea. Pumzi haikufika. Mkewe akataka kumzuia, mimi nikamwashiria amwache. Akatulia kidogo, akakusanya alichokuwa nacho, akapuliza tena. Vikombe vikatikisika, vikaanza kwenda taratibu, vikazunguka mzunguko mmoja na kidogo juu yake. Akavitazama mpaka viliposimama.

"Andika," akasema.

Sikuwa na karatasi. Nikachukua mfuko wa dawa zake, nikaandika juu yake kwamba kinazunguka, nikamwonyesha. Akausoma, akaridhika.

Alifariki kabla jua halijarudi Kipara. Dokta Hanne alipanda msimu uliofuata, akakiteremsha kipima, na mchanga ndani haukuwapo. Alinitumia picha ya gololi, safi. Barafu haiachi alama, kwa hiyo zile siku bado ziko wazi mpaka leo, na mkizikuta kwenye kumbukumbu msizijaze. Kuna wajanja wenye programu za kujaza nafasi tupu. Waambieni Zuwena amekataa.

Kipima pacha sasa kiko kwangu, juu ya kabati karibu na dirisha. Kila asubuhi kabla ya chai nazima feni na napuliza. Naishi peke yangu, ghorofa ya tatu, lifti mnaijua. Siku mtakayonipigia simu nisipokee, msikae ofisini mkaandika kitu. Njooni mpande.